Kama nakunywa, nani atanipeleka?

Mtoto akianza kuanguka ovyo, watu wote hutazama miguu. Waganga hutazama miguu, majirani hutazama miguu, wachungaji huombea miguu. Mimi ni seremala hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na mtoto wa dada yangu ana ugonjwa wa misuli unaoitwa Duchenne, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza kwa kirefu katika miaka ya 1860. Katika muda wote tuliomzungusha hospitalini, swali la mkojo hakuna aliyetuuliza mpaka alipoanza kukojoa kwa maumivu. Ndiyo sababu naandika. Kwa mtoto wa namna hii kibofu ni jambo kubwa, na sehemu kubwa ya shida yake huanzia mbali na kibofu chenyewe: huanzia kwenye njia ya kwenda chooni.

Ugonjwa huu tulikuwa nao nyumbani kabla ya kulijua jina lake. Mdogo wangu alikua akitembea kwa vidole, tumbo mbele, na kila akiinuka kutoka chini alijikwea mwenyewe, mikono ikipanda kutoka magotini hadi mapajani. Kule Masisi walisema amerogwa. Aliacha kutembea akiwa bado shule ya msingi, akafariki kijana. Kwa hiyo mtoto wa dada yangu alipoanza kuinuka kwa namna ileile, mama yetu alikuwa amejua kabla ya maabara. Kasoro iko kwenye kromosomu X. Mama anaweza kuibeba bila kuugua, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuipata. Mimi nilipita, mdogo wangu hakupita. Dada yangu alijilaumu mpaka akakonda. Namwambia yeye na kila mama anayesoma hapa: hakuna aliyechagua, na karibu theluthi moja ya watoto hawa kasoro hujitokeza kwao upya, mama hakuibeba kabisa.

Safari ya kufikia jina la ugonjwa nitaipita haraka. Hospitali moja ilipima damu, ikaona vimeng'enya vya ini vimepanda, ikamtibu ini kwa miezi. Vimeng'enya hivyo hutoka pia kwenye misuli inayobomoka. Daktari mwingine ndiye aliyeomba kipimo cha CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli inayobomoka, na matokeo yakawa juu mno kiasi kwamba hakukuwa tena na ubishi.

Sasa nieleze mahali tunapoishi, maana bila hapo hadithi haieleweki. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilishuka ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Mtaa wetu umejengwa juu ya mawe hayo. Kuchimba shimo refu la choo kwenye lava kunataka nyundo, jasho na pesa, kwa hiyo watu wengi hapa huinua choo: shimo fupi, ukuta wa mawe kuizunguka, sakafu juu, na ngazi za kupandia. Mgeni akiona anadhani ni madaha. Kwa mtoto ambaye mapaja yake yanaisha nguvu, ngazi ndiyo kitu cha kwanza kumshinda, hata kabla ya mwendo wa kawaida. Bado anatembea uani, bado anacheka na wenzake, lakini chooni hafiki bila kubebwa.

Wa kwetu alipata dawa yake mwenyewe: aliacha kunywa. Asubuhi aliacha nusu ya chai kwenye kikombe. Mchana, jua likiwaka na vumbi jeusi limejaa hewani, alisema hana kiu. Mama yake alidhani ni zile dawa zimemharibia hamu. Jioni moja alikuwa amekaa karakanani kwangu, napima urefu wa miguu yake ili nimtengenezee kiti, nikampa maji akayaangalia tu. Ndipo akasema, "Mujomba, niko na kiu. Lakini kama nakunywa, nani atanipeleka?"

Alikuwa na miaka 11 na hesabu yote ameshaipiga. Mama yake yuko sokoni Virunga hadi jioni. Bibi yake hawezi tena kumwinua, hasa tangu prednisoloni, dawa ya steroidi anayopewa kupunguza kasi ya ugonjwa, imwongezee uzito. Dada yake mkubwa yuko shuleni. Basi akaamua ni rahisi zaidi kukaa na koo kavu kuliko kuita watu wasiokuwepo, au kuita halafu aloe mbele ya wateja wangu.

Mwili ukaanza kudai. Mkojo ukawa mchache, mzito, wenye rangi ya chai kavu. Haja kubwa ikawa ngumu, siku zinapita hajaenda. Kisha akaanza kuhisi kuungua akikojoa, akalowesha kitanda alichokuwa ameacha kukilowesha tangu utotoni, na homa ikafuata. Duka la dawa la jirani lilikuwa tayari kutuuzia vidonge vya antibiotiki papo hapo bila kipimo chochote. Dada yangu alikataa, na alifanya vyema: mkojo ulipimwa kwanza, vijidudu vyake vikaoteshwa maabara, na dawa iliyoandikwa ikawa tofauti kabisa na ile ya dukani. Mtoto anayetumia prednisoloni kinga yake iko chini, homa yake haifai kubahatishwa. Na asiache prednisoloni ghafla kwa sababu anaumwa. Mwili uliozoea dawa hiyo huacha kujitengenezea homoni yake, na mtoto anayetapika vidonge vyake anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Daktari aliyemtibu alikuwa mama mmoja mtulivu, na alikaa nasi akatueleza kwa mkono wake kwenye karatasi. Kibofu ni mfuko wa misuli. Distrofini, ile protini inayokosekana kwa watoto hawa, huwa ipo pia kwenye misuli laini ya kibofu na utumbo, si kwenye mapaja na mikono peke yake. Ndiyo maana kwa baadhi yao kibofu chenyewe hubadilika: kinabana mapema kabla hakijajaa, haja inakuja ghafla, au mkojo unachelewa kuanza, au hautoki wote. Juu ya hapo panakuja mambo ya kujitakia na kulazimishwa: kubana saa nyingi, kutokunywa, na utumbo uliojaa kinyesi kigumu unaokikandamiza kibofu kutoka nyuma. Alisema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa daktari: "Kabla sijaandika dawa ya kibofu, nataka haja kubwa iwe laini na mtoto awe na mahali pa kukojolea."

Tulimwomba aangalie figo pia. Tulikuwa na majibu ya zamani yanayosema kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, iko chini sana, na tulikuwa tumefurahi. Akatusahihisha kwa upole. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtoto ambaye misuli yake imepungua atakuwa na kreatinini ndogo hata figo zikiwa zinateseka. Kipimo kinachofaa zaidi kwao ni sistatini C, kipimo kingine cha damu kisichotegemea misuli, na pale kisipopatikana, ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) ya figo na kibofu husaidia. Alimfanyia ekografi kibofu kikiwa kimejaa, akamruhusu akojoe, akaangalia tena. Mabaki ya mkojo yalikuwepo, si mengi. Mawe ya figo hakuna, na hilo tulishukuru, kwa sababu mtoto asiyetembea, anayekunywa kidogo, na anayetumia dawa inayodhoofisha mifupa yuko kwenye njia ya kupata mawe.

Akatupa kazi ya nyumbani. Siku mbili za kuandika kila kitu: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, amekojoa kiasi gani, amelowa au hakulowa. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 12 kuna hesabu rahisi ya ujazo wa kibofu: umri ongeza 1, zidisha kwa 30, unapata mililita. Wa kwetu alipaswa kuweza kubeba karibu mililita 360. Daftari lilionyesha anakojoa kidogo kidogo, mara nyingi chini ya nusu ya hiyo, halafu shuleni anabana asubuhi nzima. Na vinywaji vyake vyote vya siku havikufika hata lita moja, wakati mvulana wa miaka 9 hadi 13 anahitaji lita 1.4 hadi 2.3. Lile daftari lilimsaidia daktari kuliko maelezo yetu yote ya mdomo.

Hapo ndipo kazi ilipokuja mikononi mwangu, na hapo nitakaa kidogo.

Kwanza chupa. Zile za hospitali mdomo wake ni mwembamba na mtoto akiwa amekaa haziingii vizuri. Nilichukua dumu la mafuta ya kula la lita mbili, lenye mshikio, nikakata mdomo kwa mshazari. Plastiki iliyokatwa ni wembe. Nikapitisha kisu cha moto pembezoni mpaka ukingo ukalainika, kisha nikauvalisha mpira wa ndani wa baiskeli niliouchana katikati, nikaubana kwa gundi. Nikapima maji kwa sirinji ya duka la dawa na kuchora mstari kila mililita 50, ili mama yake aandike bila kukisia. Kila jioni linaoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani.

Kisha kiti. Nilikitengeneza kwa mbao za mikaratusi, mikono pande zote mbili, mkanda wa kifua, na ubao wa kukanyagia. Huo ubao usidharauliwe: miguu ikining'inia, nyonga hukaza, na mkojo hautoki wote wala haja kubwa haishuki. Nyayo zikae bapa, magoti yawe juu kidogo ya nyonga, mwili uinamie mbele. Tundu nililirefusha kuelekea mbele na kusimamisha kibao kifupi mbele yake, kwa sababu mvulana akikojoa amekaa mkojo hukimbilia mbele na kulowesha suruali na sakafu. Chini inaingia ndoo yenye kifuniko. Kiti kinakaa chumbani nyuma ya pazia la kikwembe. Ngazi za chooni hazimhusu tena. Ndoo ndiyo inayopanda.

Cha tatu sikukitengeneza mimi, na ndicho kilicholeta faraja kubwa zaidi: suruali. Suruali ya sare ya shule zipu yake inaishia juu. Mtoto akisimama haoni shida. Akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu hawezi kujitoa kwa sehemu ile bila kuvuliwa suruali nzima, na kumvua kunataka watu wawili. Fundi mmoja wa cherehani pale Birere alishusha ufunguzi mpaka chini kabisa ya mshono, akaondoa zipu, akaweka mkanda wa kunatana, na kiunoni akatia mpira. Kwa macho ni suruali ya bluu ya wanafunzi wote. Sasa anasogezwa mbele kwenye kiti, chupa inaingia, imeisha. Mzazi mwenye mtoto kwenye kiti cha magurudumu, kama huna pesa ya kitu kingine chochote mwezi huu, anza na suruali.

Shule ilitaka mazungumzo. Shule ya kwanza ilijibu kwamba haiwezi kuhusika na "mambo ya uchafu", nasi tulihama. Ya pili mkurugenzi wake alitupa funguo za stoo ya vitabu. Mwalimu hatangazi chochote. Saa ya mapumziko binamu yake wa darasa la juu anamsukuma mpaka stoo, chupa iko kwenye mfuko, mlango unafungwa. Utaratibu ni kila saa mbili au tatu, ahisi haja au asihisi, kwa sababu kibofu kilichozoea kubana husahau kutoa taarifa mapema. Akimaliza hukaa kidogo akipumua, kisha hujaribu tena, na mara nyingi kuna kilichobaki kinatoka. Baada ya muda alirudi kunywa maji darasani bila kuombwa.

Kuna jambo la aibu, na wengi hawalisemi. Mvulana anakua. Ilifika siku alikataa mama yake asimshike tena, akawa anangoja mimi nitoke kazini, yaani alirudia kubana kwa sababu nyingine kabisa. Dada yangu aliumia, alihisi amekataliwa. Tulikaa watatu na kumuuliza yeye mwenyewe nani anamtaka, kwa kazi ipi. Akapanga: mchana binamu, jioni mimi, usiku mama lakini taa izimwe na yeye ajifunike, mama ashike chupa tu. Tangu apange mwenyewe habani tena. Watoto hawa wananyanyuliwa, wanageuzwa, wanavuliwa mchana kutwa na watu wazima wenye haraka, na mwili unaokataa kulegea mbele ya mtu hautoi mkojo, hata umwambie mara ngapi.

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika. Watu walichota ziwani kwa madumu ya njano huku risasi bado zikisikika, na usiku hakuna aliyethubutu kutoka kwenda choo cha uani. Nyumba nzima ilitumia kile kiti. Kilichokuwa kigumu ni yeye kuanza tena kusema hana kiu, kwa kuwa aliona maji yalivyo adimu na mama yake anavyohangaika kuyapata. Tulimtengea dumu lake la maji yaliyochemshwa na kuandika jina lake juu, ili ajue akinywa hamnyang'anyi mtu.

Dawa nazo zina nafasi. Laktulozi, dawa ya kulainisha haja kubwa, kila siku, na si pale tu anapokwama, ndiyo iliyobadilisha mengi: choo kilipolainika, kulowa kulipungua bila dawa yoyote ya kibofu. Baadaye daktari alimjaribisha oksibutinini kwa ile haja ya ghafla. Ilisaidia, lakini hukausha mdomo na kufunga choo, na inaweza kuongeza mabaki ya mkojo, kwa hiyo ekografi ilirudiwa baada ya kuianza. Chai nyeusi na soda ya koka tulipunguza, hasa jioni, kwa kuwa kafeini huchokoza kibofu.

Zipo dalili zinazotutoa nyumbani saa yoyote. Maumivu ya ubavu pamoja na kutapika, yanaweza kuwa jiwe. Mkojo mweusi mithili ya koka baada ya kujichosha au baada ya kulazwa usingizi wa upasuaji, hiyo ni misuli inayovunjika na inaweza kuziba figo. Kiu isiyoisha na mkojo mwingi, tunapima sukari, kwa kuwa prednisoloni inaweza kuipandisha. Mtoto aliyeanza kuamka mara nyingi usiku kukojoa, aangaliwe na pumzi, kwa sababu misuli ya kupumua ikichoka usingizini nayo huongeza mkojo wa usiku. Na mkojo ukigoma ghafla kabisa, au ganzi ikiingia mapajani na sehemu za siri, hiyo si kawaida ya Duchenne: mifupa ya mgongo iliyodhoofishwa na dawa inaweza kuwa imevunjika na kubana neva. Zaidi ya hayo, kabla ya upasuaji wowote, hata wa kitu kidogo, mtu wa usingizi lazima aambiwe jina la ugonjwa. Suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli, na baadhi ya gesi za usingizi zinaweza kuusimamisha moyo wa mtoto huyu.

Kwenye mazoezi ya viungo tulikutana na mama wa msichana mwenye ugonjwa mwingine wa kurithi, ule wa neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli, ambao wazazi wote wawili huubeba kimya kimya. Msichana huyo hisia za haja anazo kamili, na anajua kubana. Shida yake ni kwamba hawezi kukaa wima, na alikuwa akibeba mkojo tangu asubuhi mpaka mama arudi shambani. Kwa msichana chupa yangu haifai. Nilimtengenezea beseni la chini lenye mteremko, linaingia chini ya nyonga bila kumwinua sana, na yule fundi wa Birere alimshonea sketi ya kufunga nyuma, yenye vipande viwili vinavyopishana. Mama yake aliniambia sasa binti anaomba juisi.

Wa kwetu ana miaka 13 sasa na mkono wake wa kulia umeanza kuchoka. Chupa anaishika kwa muda mfupi, kisha inainama. Nimeongeza kishikio cha mbao kinachojibana kwenye ukingo wa kiti, chupa inakaa yenyewe. Hospitalini wametuonyesha kondomu yenye mrija na mfuko wa kufungia mguuni, nasi tumeinunua ikae tayari. Yeye amesema ataivaa kwenye safari ndefu, si shuleni, na daktari ameandika hivyo kwenye faili lake.